Mcheza Kwao Hutunzwa
(Neno lililonenwa juu ya faida ya sanaa kwa mji)



Nimepewa kazi ya kunena juu ya sanaa na faida yake kwa mji. Najua wako wanaodhani ya kuwa sanaa ni mchezo wa watu walioshiba. Kwamba mji hulishwa na bandari na mashamba, na fidla ni ya kupitishia usiku tu. Basi na tuutwae mji mmoja tunaoufahamu, Mji Mkongwe wa Zanzibar, tuutazame kama ndivyo.

Kwanza, habari ya riziki. Tazameni mlango mmoja wa kuchongwa. Mchonga nakshi ndiye tunayemsifu, lakini hakuufanya peke yake. Yuko aliyepasua mbao, na hamali aliyezichukua; yuko seremala aliyeunga miimo na kizingiti; yuko mfua shaba aliyetia njumu. Wote hao walikula katika mlango ule mmoja. Wala mlango haukuacha kulisha watu ulipokwisha kutiwa mahali pake. Mwaka 2000 UNESCO iliuandika Mji Mkongwe katika orodha ya urithi wa dunia, na wageni hutoka mbali kuja kuitazama kazi ya mafundi waliokwisha kufa zamani. Na muziki ndivyo ulivyo. Tamasha la Sauti za Busara lilianza mwaka 2004. Mwimbaji hukaa jukwaani kwa saa moja. Lakini kwa ajili ya saa ile mwenye nyumba ya wageni hupata wapangaji, mvuvi huuza samaki wake, na muuza urojo hurudi kwake na sufuria tupu.

Pili, habari ya watu kuishi pamoja. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alikuwa binti wa wafinyanzi, akitembeza vyungu kuviuza. Hapo kwanza taarabu ilikuwa ya jumba la Sultani, ikiimbwa kwa Kiarabu. Siti akaiimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 alivuka bahari mpaka Bombay pamoja na wenzake, nyimbo zao zikatiwa katika sahani za santuri. Watu wa Ng'ambo wakasikia mambo yao wenyewe yakiimbwa: dhuluma waliyotendewa wanawake, na hukumu zilizowaelemea maskini. Neno ambalo mnyonge hakuthubutu kulinena barazani, wimbo ulilinena, mkubwa na mdogo wakalisikia.

Tatu, nina onyo. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit-al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka hali likitengenezwa, na watu wakafa. Msiba ule watukumbusha ya kuwa sifa za jumba hazizuii ukuta usianguke. Nyumba za mawe na chokaa zataka mikono inayozijua, na mikono hiyo haioti yenyewe kama majani. Mwanagenzi hukaa miaka mingi chini ya fundi wake kabla hajaaminiwa patasi. Lakini kijana akiona ya kuwa fundi wake husifiwa mchana na kulala njaa usiku, ataiacha patasi na kutafuta kazi nyingine. Na fundi yule akifa, atazikwa pamoja na ujuzi wake.

Basi nawasihi mambo mawili. Mtoto wenu akipenda kuchonga, au kupiga udi, msimwambie kwamba anapoteza wakati, mtafutieni mwalimu. Chuo cha muziki kilianzishwa Zanzibar mwaka 2002 kwa ajili ya watoto wa namna hiyo. Tena, msimpunje fundi ujira wake kwa kusema kwamba kazi yake ni furaha yake. Mkulima naye hufurahia shamba lake, wala hatuchukui mahindi yake bure.

Wahenga walisema, Mcheza kwao hutunzwa. Kutunza si kupiga makofi tu. Mpiga fidla akija harusini kwenu, mpeni haki yake kabla hajaifunga fidla yake.