Weusi Wasio na Hati Wanastahili Kutetewa

Wahamiaji wasio na hati nchini Marekani wanapotajwa, wengi humfikiria mtu aliyevuka mpaka wa Mexico. Mjamaika, Mhaiti, Mnigeria au Mkenya ambaye viza yake imeisha husahaulika upesi.

Lakini polisi humwona. Dereva mweusi husimamishwa barabarani kwa taa ya nyuma iliyoungua. Akikamatwa, huchukuliwa alama za vidole, na alama hizo huwafikia maofisa wa uhamiaji. Safari ya kufukuzwa nchini huanzia hapo. Shirika la BAJI, linalotetea wahamiaji weusi na lililoanzishwa California mwaka 2006, lilionyesha kwamba weusi ni kama asilimia 7 tu ya wasio raia, lakini ni asilimia 20 hivi ya wanaokabiliwa na kufukuzwa kwa makosa ya jinai.

Hata hivyo, utetezi huzaa matunda. Waliberia waliokimbia vita waliishi Marekani kwa vibali vya muda tangu 1991, wakingoja kila serikali iamue kuviongeza. Wao wenyewe, pamoja na UndocuBlack, mtandao wa weusi wasio na hati, walibisha hodi bungeni bila kuchoka. Desemba 2019 sheria ikapatikana, ikawafungulia njia ya ukaazi wa kudumu.

Haki hudaiwa. Balozi zetu, makanisa, misikiti na vyama vya Waafrika ughaibuni viwatafutie ndugu hawa mawakili, na viwasemee kila sheria ya uhamiaji inapojadiliwa. Kukosa karatasi hakumwondolei mtu utu wake.