Udongo Mweusi wa Kano

Kijana aliyeazimu kuitafuta elimu ya udongo hadi shahada ya kwanza ya daraja la juu, kabla hajafunga safari ya Kabete kwenye Chuo Kikuu cha Nairobi, au ya Morogoro kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine kilichoasisiwa mwaka 1984, na ateremke kwanza Uwanda wa Kano, karibu na Kisumu, autazame ule udongo mweusi ambao wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kumeza mguu, na mvua ikinyesha huvimba, ukazuia maji yasipenye, hata mpunga wa Ahero ukastawi na kuta za nyumba zikaingia ufa. Darasani ataelezwa sababu, yaani madini ya smektaiti yanywayo maji baina ya matabaka yake. Lakini jembe la mamaye, nadhani, lilikwisha kumwambia nusu ya habari hiyo. Na utafiti wa mwaka wa mwisho? Makorongo yaliyochimbwa na mmomonyoko wa udongo huko Katuk Odeyo yanamngoja.