Pindua Pakiti: Dawa Yako Imetengenezwa Wapi?

(Maneno ya mfamasia wa kaunti katika kikao na wananchi)

Niliombwa nizungumzie dawa zinazotengenezwa nchini. Naanza na pakiti yenyewe, kwa kuwa hiyo ndiyo mnayoishika mkononi.

Pindua pakiti ya parasetamoli. Utaona nambari ya kundi, tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya kuisha muda, na jina la kiwanda. Tafuta maneno "Manufactured by". Hicho ndicho kiwanda. Mara nyingine kuna pia "Distributed by" au "Marketed by", na mtu akiona hapo neno Nairobi hudhani dawa ni ya Nairobi. La hasha. Huyo ni msambazaji tu, na kiwanda chenyewe huenda kiko Mumbai. Hata alama ya GOK kwenye dawa za hospitali za umma inasema kwamba hiyo ni mali ya serikali na haiuzwi. Haisemi ilitoka wapi.

Mbona tujisumbue na hayo? Machi 2020, korona ilipoanza kusambaa, India ilizuia kwa muda kuuza nje malighafi na dawa 26, parasetamoli ikiwemo. Sehemu kubwa ya dawa za Afrika hutoka huko. Haikuwa na ubaya nasi. Ilitazama watu wake kwanza, maana malighafi yake nyingi nayo hutoka China, ambako viwanda vilikuwa vimesimama. Tarehe 3 Machi 2021 Kenya ilipokea dozi zake za kwanza za chanjo, zaidi ya milioni 1, zilizotengenezwa India. Ugonjwa ulipozidi kule, shehena zilizofuata zikakwama. Waliokuwa wamechanjwa wakangoja dozi ya pili kuliko walivyoambiwa. Oktoba mwaka huo huo India ikawekea vikwazo sindano pia.

Kwa sindano, angalau, tulikuwa na pa kukimbilia. Kilifi kuna kiwanda cha Revital kinachotengeneza sindano za kutumika mara moja, na sindano ya Kilifi haingoji kibali cha waziri wa nchi nyingine. Ndiyo maana mimi huihesabu dawa pamoja na mambo ya usalama wa taifa. Mgonjwa wa kisukari akikosa insulini hana wiki mbili za kungoja meli.

Na tunaweza. Zile tembe tatu za kuzuia malaria ambazo kina mama wajawazito wa Pwani na wa kanda ya ziwa humezeshwa kliniki zinatengenezwa pia Kikuyu, kaunti ya Kiambu, na kampuni ya Universal Corporation. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha ubora wa tembe hizo, na kampuni hiyo ikawa ya kwanza Afrika kupata idhini hiyo kwa dawa hiyo.

Lakini tusidanganyane. Mkate ukiokwa Thika kwa ngano ya ng'ambo, meli ikichelewa mkate haupo. Tembe nyingi zinazoshindiliwa hapa nchini hutumia malighafi ya India au China, na hilo pakiti haikuambii. Kwa maoni yangu ingefaa ituambie. Wanaopanga akiba ya dawa wangeiona hatari mapema, na kiwanda kinachojitahidi kupata malighafi karibu kingejulikana.

Wala sisemi mnunue kwa kutazama bendera. Dawa mbaya inaweza kutoka popote. Mwaka 2022 nchini Gambia zaidi ya watoto 60 walikufa kwa kuharibika figo, na dawa za maji za kikohozi na homa kutoka ng'ambo zikapatikana na sumu. Tahadhari ya Shirika la Afya Duniani ilitaja dawa hizo na kiwanda kwa majina. Mama aliyetunza chupa angeweza kulinganisha. Aliyeitupa, je?

Hapo kuna tabia moja inayonikera: vidonge kuhesabiwa na kutiwa kwenye bahasha ndogo bila chochote zaidi ya "1x3". Jina la kiwanda limebaki dukani, na nambari ya kundi pia. Mwombe anayekuhudumia, kwa upole, akuandikie jina la dawa, nambari ya kundi na tarehe ya kuisha muda. Ni haki yako, na ni kazi ya dakika moja.

Dawa ikibadilika rangi, ikivunjikavunjika au ikiwa na harufu usiyoizoea, usiitupe. Irudishe zahanati pamoja na pakiti yake. Muuguzi atajaza fomu ya waridi ya Bodi ya Dawa na Sumu, ambayo ni ya dawa zenye shaka ya ubora. Ile ya manjano ni ya dawa iliyokudhuru mwilini. Wahamasishaji, tafadhali zijueni hizo rangi mbili kabla hamjaondoka hapa. Nimekuja na nakala za kutosha.