Fisi Aitwaye Shenzi

Mwaka 1994 kampuni ya Walt Disney ya Marekani ilitoa filamu ya katuni iitwayo The Lion King. Watoto walioiona wakati ule leo ni watu wazima wenye ndevu na mikopo ya benki, na wengi wanaitazama upya wakiwa wameketi na watoto wao. Nami nimeitazama juma hili, mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Nimeona kwamba sisi tuliozaliwa na Kiswahili tulipewa filamu tofauti na ile waliyopewa watoto wa Chicago na London.

Chukua majina. Mtoto wa Chicago akisikia Simba anasikia jina tu, kama John. Sisi tunasikia simba anayeitwa Simba, sawa na mtu kumwita mbuzi wake Mbuzi. Rafiki ni rafiki. Sarabi, mama yake Simba, ni mazigazi, yale maji ya uongo yanayometameta mbele ya barabara jua likiwa kali. Jina zuri hilo kwa malkia. Pumbaa, yule ngiri mnene, jina lake ni kitendo kizima: pumbaa, duwaa, baki mdomo wazi. Watengenezaji wa filamu walifika Kenya mwaka 1991, wakatembea mpaka hifadhi ya Hell's Gate karibu na Naivasha, wakarudi kwao na michoro na maneno. Si kila kitu walikitoa huku, lakini. Timon, yule mnyama mdogo anayesimama wima kama mlinzi wa geti, ni wa jamii ya nguchiro wa nyika kavu za kusini mwa Afrika. Ukienda kumtafuta Naivasha utarudi na vumbi.

Kabla sijafika kwa fisi, niseme haki. Filamu hii bado inauma pale ilipouma. Sauti inayoifungua, jua likichomoza, ni ya Lebo M, mwanamuziki wa Afrika Kusini aliyeishi uhamishoni Marekani wakati wa ubaguzi wa rangi, na anaimba kwa Kizulu. Halafu kuna kile kifo. Nyumbu wanashuka bondeni kama mafuriko, baba anamwokoa mwana, baba anaanguka, na mtoto anakwenda kujilaza chini ya mkono ambao hauwezi tena kumkumbatia. Utotoni macho yangu yalikuwa kwa mtoto. Safari hii yalikuwa kwa baba, ambaye ameondoka duniani bila kujua kama mwanawe alifika salama. Sauti ya Mufasa ilikuwa ya James Earl Jones, naye amefariki mwaka 2024 akiwa na miaka 93. Kuisikia sasa ni jambo jingine kabisa.

Sasa fisi. Mapema katika filamu Mufasa anamfundisha mwanawe utaratibu wa dunia. Sisi tunakula swala, anamwambia, lakini tukifa miili yetu inakuwa majani, na swala wanakula majani. Hivyo sote tumo katika mzunguko mmoja mkubwa. Ni somo zuri, na watu wazima wamelinukuu harusini na misibani. Lakini hebu lisikilize kwa sikio la mtu aliyewahi kukaa jirani na pori. Hiyo maiti inageukaje majani? Nani anayevunja mifupa? Ni fisi, pamoja na tai na mbweha. Fisi ndiye anayeufunga mzunguko. Na katika ufalme wa Mufasa fisi ndiye pekee asiyeruhusiwa kuingia. Amewekwa nje ya mpaka, kwenye makaburi ya tembo, mahali ambapo mwanga wa jua haufiki, na Simba mdogo anaonywa asikanyage huko. Hakuna mahali filamu inapotueleza fisi walikosa nini.

Walichonacho ni njaa. Utotoni hatukuiona, tuliona meno. Tazama tena: karibu kila wanapofungua midomo wanazungumza habari ya chakula. Scar anapokuja kuwanunua hawapi dhahabu wala vyeo, anawapa ahadi ya kushiba. Kisha wachoraji wanawapanga kwa safu, wakipita mbele yake kwa gwaride lililochorwa kwa mfano wa yale ya wafuasi wa Hitler. Mwenye njaa ameshageuzwa jeshi la dhalimu, na mtoto sebuleni anazomea. Sisemi Scar ni mwema, la hasha! Nasema mfalme mwema naye alikuwa na raia nje ya geti, na filamu haikumuuliza swali hata moja.

Pori lenyewe linasema mengine. Miaka ya 1960 mtaalamu wa wanyama kutoka Uholanzi, Hans Kruuk, aliwafuatilia fisi wa Serengeti na Ngorongoro usiku kucha, akayaandika aliyoyaona katika kitabu kilichotoka mwaka 1972. Aliona kwamba fisi ni mwindaji, tena hodari, na sehemu kubwa ya chakula chake anakiua mwenyewe. Kule kreta ya Ngorongoro mtalii aliyefika asubuhi alimkuta simba juu ya mzoga na fisi wamemzunguka kwa mbali, akadhani fisi wanangoja makombo ya mfalme. Mara nyingi fisi ndio waliowinda usiku, na mfalme alikuja alfajiri kuwanyang'anya. Jambo moja filamu ililipatia: kiongozi wa fisi wale ni jike, na kwa fisi ndivyo ilivyo, jike ni mkubwa kuliko dume na ndiye mwenye amri.

Ila jike huyo jina lake ni Shenzi. Wenzake wawili ni Banzai, ukelele wa Kijapani, na Ed, jina la Kiingereza. Katika watatu hao aliyepewa Kiswahili amepewa tusi. Neno hili lina historia. Watu wa pwani waliwaita hivyo watu wa bara, kisha mkoloni akalirithi akamwita hivyo mpishi wake, mtunza bustani wake, karani wake aliyechelewa. Wazee wetu waliitwa washenzi na watu waliokuwa wakila chakula walichopikiwa na wazee hao hao. Katika filamu mpya ya mwaka 2019 Shenzi amebaki Shenzi, na sauti yake ni ya Florence Kasumba, mwigizaji wa Ujerumani aliyezaliwa Kampala. Mmoja wa fisi wapya wa filamu hiyo anaitwa Azizi. Nilicheka. Angalau mmoja ni kipenzi cha mtu.

Kuna na lile neno linalouzwa kwenye fulana. Hapa nyumbani mtu mwenye kero akiulizwa atajibu hamna shida, au hakuna tabu. Hakuna matata tunawaimbia wageni, na lilishaimbwa na Them Mushrooms wa Mombasa tangu mwaka 1982, Disney haijafika. Mwaka huo huo wa 1994 kampuni iliomba liwe alama yake ya biashara kwa nguo huko Marekani, na mwaka 2003 ikaandikishiwa. Mwaka 2018 mwanaharakati mmoja wa Zimbabwe alianzisha ombi la kupinga, na maelfu kwa maelfu wakatia sahihi. Sheria ile haimzuii mtu kusema neno lake, na bibi yako hatashtakiwa. Lakini hasira ile naielewa.

Kinachonishangaza mimi ni kwamba ulimwengu ulilichukua neno lile kama fundisho la filamu, wakati filamu yenyewe inalikataa. Mtoto anayefundishwa hakuna matata ni mtoto aliyeaminishwa kwamba amemuua baba yake, akakimbia. Anakula wadudu, ananenepa, anaota manyoya shingoni, na huku nyuma mama yake anaishi chini ya muuaji. Neno lile ni kificho chake. Linamfaa kweli, maana bila wale wawili angekufa jangwani, na sipendi kumdharau Pumbaa. Ila siku Simba anapoamua kurudi kwao haimbi tena. Anaondoka usiku bila kuaga. Timon na Pumbaa wanaamka asubuhi wanamkuta hayupo, na baada ya kuelezwa alikokwenda, wanaacha wadudu wao na kumfuata vitani.