MAMA ALIYEPASULIWA MOYO: AFANYE NINI, AACHE NINI

Leo tuache kidogo habari za mikopo na mbuzi wa maziwa. Tuna mwenzetu aliyerudi kutoka upasuaji wa moyo, na tunataka tusaidiane naye vizuri. Upasuaji huu unafanywa hapa hapa Kenya, Nairobi na hata Tenwek kule Bomet. Wengi wanaofanyiwa ni akina mama vijana, ambao vali za moyo ziliharibiwa na ugonjwa wa koo wa utotoni usiotibiwa.

Kwanza tulikosa sisi wenyewe. Kwa mapenzi tulimlaza kitandani kama mgeni, hata chai tukampelekea huko huko. Siku ya kliniki daktari akauliza anatembea mara ngapi kwa siku. Sote kimya! Kumbe kulala tu kunafanya makohozi yakae mapafuni na damu igande miguuni. Basi tukaanza: kutoka mlangoni mpaka uani, mara tatu au nne kwa siku. Kisha mpaka kwa jirani, kisha barabarani. Akitembea awe anaweza kuongea. Pumzi ikimkatiza maneno, aketi.

Wiki ya tatu mambo yakageuka. Mama akajisikia ana nguvu, tukamkuta anasonga ugali wa watu wanane. Tulipomuuliza akasema, "Hii si kazi, ni ugali tu." Hapo ndipo shida yetu akina mama ilipo. Baba akiwa nyumbani anapumzika, lakini mama akiwa nyumbani ndipo yuko kazini.

Mfupa wa kifua umekatwa katikati ukafungwa kwa waya. Unahitaji wiki 6 hadi 12 kushikana. Ni kama mguu uliovunjika, ila huu hatuuoni. Wakati huo asiinue zaidi ya kilo 4 au 5. Jerikeni ya lita 20 ikijaa ni kilo 20! Mtoto wa mwaka mmoja ni kama kilo 9, kwa hivyo asimbebe mgongoni. Aketi, mtu amwekee karibu naye. Kuni, jembe, kufua blanketi, kuvuta ndoo kisimani, vyote vingoje. Kuchagua mchele au kukunja nguo, sawa, lakini kazi moja, kisha apumzike. Asimalize zote asubuhi.

Alale chali. Akikohoa akumbatie mto kifuani. Na tuseme wazi, maziwa mazito huvuta kidonda, kwa hivyo avae sidiria laini inayoshikilia vizuri. Siku nyingine atalia bila sababu. Hajalogwa, wengi hupitia hayo. Kaa naye tu.

Akipata homa, kidonda kikitoa usaha, mfupa ukilia kifuani, miguu ikivimba au pumzi ikiwa fupi, arudi hospitali siku hiyo hiyo. Akiwa amewekewa vali ya chuma, dawa ya kuzuia damu kuganda asiikose hata siku moja, na asishike mimba kabla ya kuongea na daktari.

Sasa yuko wiki ya tano. Mume wake mwanzoni aliona haya kuonekana na jerikeni, siku hizi amezoea, lakini peke yake hatoshi. Karatasi ya zamu ya maji na kuni iko hapa mezani. Jumanne na Ijumaa bado hazina mtu.