Chaja ya Jirani

Leo swali ni moja: gari la umeme la kampuni hii, chaja ya nyumbani ya kampuni ile. Inafaa?

Kwa gari, mara nyingi inafaa. Kile kisanduku cha ukutani si chaja hasa. Chaja yenyewe imo ndani ya gari. Kisanduku hupitisha umeme uleule wa TANESCO, volti 230, baada ya kuulizana na gari kupitia waya mdogo: uko tayari? nikupe kiasi gani? Lugha hiyo magari mengi yanaijua. Kikwazo ni plagi. Nissan Leaf iliyotumika Japani ina pini tano. Gari la Ulaya lina saba, la China saba vilevile, ila dume na jike zimebadilishana nafasi, hazichomekani ng'o. Adapta ya kiwandani ipo. Ya kuungaunga na gundi, achana nayo.

Pikipiki ni habari nyingine, na hapa ndugu zangu wa bodaboda tegeni sikio. Chaja yake iko nje, nayo ndiyo huamua betri ijae mpaka wapi. Chaja mbili zimeandikwa volti 72, kichomekeo kilekile. Zigeuze usome kibandiko, mstari wa umeme unaotoka: moja 84, nyingine 87.6. Betri ya 84 ukiipa ile ya 87.6, umeiachia ulinzi wake wa ndani pekee usiku kucha, nawe umelala chumba hichohicho.

Kibandiko kimefutika? Mpelekee fundi mwenye mita aipime kabla hujachomeka.