LORI LETU KUISHIWA NGUVU MCHANA

Ndugu wanakijiji,

Mmeuliza kwa nini lori la pamba alfajiri linapanda mlima vizuri, mchana linagoma. Hewa ya joto ni nyepesi, injini hupungukiwa kidogo. Lakini hiyo peke yake hailigomeshi gari.

Kwanza tutazame moshi. Ukiwa mweusi, injini inakosa hewa: chujio la hewa limejaa vumbi. Pasipo moshi, dizeli haifiki. Tuanzie chujio la dizeli. Mshale wa joto ukipanda, tukague mkanda wa feni, na rejeta isizibwe na nyuzi za pamba. Kifuniko chake kisifunguliwe ikiwa moto, utingo ataungua, tumeshasema sana!

Na jamani, mnaodandia juu ya magunia, shukeni. Pamba ikinyeshewa njiani, bei itashuka.

Ukaguzi ni kesho saa 12 asubuhi, injini ikiwa baridi.

Katibu